Mishale Kwenye Daftari la Charlène

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Charlène alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko kufagia na kuteka maji: kulisha kobayi. Wanyama hao wadogo wa kufugwa, kama panya wanene wasio na mkia, walikuwa saba, nao waliishi jikoni, kwenye kona yenye joto, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mtaa wa Kadutu. Walipomsikia akija walilia wote kwa pamoja, "Wiii, wiii!" Aliwatupia maganda ya ndizi na majani, kisha akazoa mavi yao kwa kipande cha bati na kuyapeleka nyuma ya jikoni, kwenye bustani ya mama yake.

Bustani yenyewe ilikuwa ndogo. Nyumba yao ilikaa kwenye mteremko, nyumba nyingine zikiwa juu yake na nyingine chini, hata sabuni ikimponyoka jirani wa juu iliweza kuteleza mpaka uani kwao. Lakini katika kipande hicho cha udongo Mama Lucie alipanda mboga za lengalenga, yaani mchicha, nazo zilistawi, kwa sababu ya mavi ya kobayi.

Charlène alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa katika mwaka wa sita wa shule ya msingi. Maswali hayakumwisha. Kwa nini kobayi hawali jani lililonyauka? Viwavi hulala saa ngapi? Mama Lucie, ambaye alikuwa fundi wa kushona, mara nyingi alimjibu akiwa na pini mdomoni, na majibu hayakusikika vizuri.

Juma hilo mwalimu wao, Madame Euphrasie, aliwapa kazi.

"Viumbe vinavyoishi mahali pamoja hutegemeana," alisema. "Sasa, msiniletee simba na pundamilia. Angalieni nyumbani kwenu. Nani anakula nini? Choreni mshale kutoka kwa anayeliwa hadi kwa anayekula. Ijumaa mtaeleza."

Charlène aliifurahia sana kazi hiyo. Jumatatu alichuchumaa bustanini mpaka miguu ikafa ganzi. Aliona viwavi wa kijani wakitoboa majani ya lengalenga. Jumanne jioni aliona jambo ambalo hakulijua kabisa: chini ya pipa la maji aliishi chura mnene mwenye mabaka. Chura huyo alitoka polepole, akatulia mbele ya kiwavi, kisha ulimi ukaruka na kiwavi akawa hayupo.

"Maman! Kuna chura anatulindia bustani!"

"Mwache afanye kazi yake," alijibu Mama Lucie. "Simulipi kitu."

Daftari la Charlène likajaa mishale. Kutoka kwa maganda kwenda kwa kobayi. Kutoka kwa mavi kwenda kwa lengalenga. Kutoka kwa kiwavi kwenda kwa chura. Na kutoka kwa lengalenga ilitoka mishale mitatu: mmoja kwa kiwavi, mmoja kwa kobayi, mmoja kwa mtu. Mtu huyo alimchora na tumbo la mviringo, kama la Gentil, mdogo wake wa miaka mitatu.

Lakini kadiri alivyowatazama viwavi, ndivyo alivyowachukia. Walikuwa wengi kuliko chura alivyoweza kula, na majani yalikuwa na matundu kama chujio. Charlène alitamani bustani yake iwe nzuri kama aliyoichora.

Kwenye ukuta wa jikoni ilining'inia chupa ya dawa ya wadudu. Iliachwa na tonton Didier, mjomba wake, aliyelima nyanya huko Kabare. Mama Lucie alikuwa amesema wazi: "Hii ni dawa ya tonton. Mutu asiiguse."

Jumatano mchana, mama alipokwenda kupeleka nguo kwa mteja, Charlène aliitungua. "Kidogo tu," alijiambia. Akachanganya dawa na maji ndani ya kopo, akachovya kicha cha majani na kunyunyizia bustani yote. Akairudisha chupa mahali pake.

Alhamisi asubuhi viwavi walikuwa wamelala chini, wamekufa. Charlène alipiga makofi. Akachuma yale majani yaliyotobolewa, akawapelekea kobayi kama kawaida.

Jioni hiyo alimkuta chura karibu na pipa, tumbo juu. Hakuna aliyemkanyaga. Hakuwa na jeraha. Charlène alimgeuza kwa kijiti na kujiuliza nini kilimuua.

Ijumaa asubuhi kelele za kobayi hazikusikika. Wawili walikuwa wamekufa, na wa tatu alitetemeka.

"Pengine ni baridi," alisema Mama Lucie kwa huzuni. "Maskini. Haya, nenda shule. Leo nitapika lengalenga, zimekuwa safi kabisa, hazina tundu."

Charlène alitaka kusema kwamba ni dawa iliyowaondoa viwavi. Lakini aliogopa. Kama angetaja dawa, ingebidi aseme nani aliigusa. Akachukua mfuko wake akaondoka.

Shuleni, alipoitwa mbele, alieleza mchoro wake vizuri, na wenzake wakacheka kwa furaha aliposimulia ulimi wa chura.

"Mshale unabeba nini?" aliuliza Madame Euphrasie.

"Chakula, Madame."

Bruno, aliyekaa dirishani, akanyoosha mkono. "Na kama ndani ya chakula kuna kitu kibaya? Nacho kinafuata mshale?"

"Swali zuri sana. Charlène, unafikiri nini?"

Charlène alitazama daftari. Kidole chake kikaenda kwenye lengalenga, kikafuata mshale mpaka kwa kiwavi, na kutoka kwa kiwavi mpaka kwa chura. Kikarudi, kikafuata wa pili mpaka kwa kobayi. Ukabaki mshale wa tatu. Mwishoni mwake alisimama mtu mwenye tumbo la mviringo.

"Madame!" alipaza sauti. "Nilitia dawa ya wadudu kwenye lengalenga. Maman hajui. Anazipika sasa hivi!"

"Kimbia! Nami nakuja nyuma yako!"

Charlène alipanda mteremko bila kusalimia mtu. Kiatu kimoja kilimvuka, akakiacha. Aliposukuma mlango, Gentil alikuwa amekaa kwenye mkeka na kijiko mkononi, na Mama Lucie alikuwa akipuliza bakuli la bugali na lengalenga ili lipoe.

"Maman, usimupe! Iko na dawa ya tonton! Ni mimi nilitia!"

Mama Lucie aliliondoa bakuli mbele ya mtoto. Kisha akaliweka bakuli juu ya kabati, akamshika Gentil mashavu. "Fungua kinywa. Ulikula? Ulionja?"

"Njaa," alisema Gentil, akaanza kulia.

Hakuwa ameonja. Wala mama mwenyewe. Mama Lucie alikaa chini kwa ghafla, na Charlène akasimulia yote, kuanzia chupa mpaka chura, machozi yakimdondoka.

Madame Euphrasie alipofika akihema, alimkuta Charlène uani, chupa mkononi, tayari kuimwaga kwenye mtaro.

"Simama! Mtaro huo unakwenda wapi?"

Charlène alitazama chini ya mteremko. "Chini... mpaka ziwani."

"Na ziwani kuna nani?"

"Samaki wadogo, sambaza." Akaishusha chupa. "Na sisi tunakula sambaza."

"Basi mchoro wako haukuishia uani."

Waliifunga chupa vizuri ili irudishwe kwa tonton Didier. Charlène ndiye aliyechimba shimo refu, mbali na maji, wakafukia lengalenga zote, chakula kilichopikwa, chura na kobayi waliokufa. Wakanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Yule kobayi wa tatu alilishwa majani mabichi ya kando ya njia, na baada ya siku mbili akaanza kulia tena.

Bustani ilikaa tupu kwa majuma mengi. Hatimaye, Jumamosi moja, Mama Lucie alileta udongo mpya na mbegu, akamkabidhi Charlène kazi ya kuokota viwavi kwa mkono kila asubuhi.

"Maman," aliuliza Charlène akitawanya mbegu, "bado umekasirika kwa sababu ya ile dawa?"

Mama Lucie alifunika mstari wa mbegu kwa kiganja kabla ya kujibu.

"Dawa ilikaa kwenye majani siku mbili. Ukimya wako nao ulikaa kinywani mwako siku mbili. Vyote viwili vilikuwa njiani kwenda kwenye bakuli la Gentil. Katika nyumba, mwanangu, kama katika bustani, hakuna anayefanya jambo likabaki lake peke yake. Ukikosea, sema siku ileile, kabla kosa halijafika kwa mwingine."