Ungo wa Kompyuta

Kila asubuhi Idah hufagia mbele ya kibanda chake cha uchapaji pale Magarini. Kisha huwasha kompyuta na kusubiri. Chai yake hupoa, kompyuta bado inajikongoja. Wateja wamezoea. Huacha kazi zao wakaenda sokoni kwanza.

Idah huchapa barua, fomu, na vijitabu vya mazishi vyenye picha za marehemu. Kompyuta ilipoanza kukwama, alijiambia, "Imeshiba hii. Niipunguzie." Akafuta picha zote za zamani. Na kompyuta? Ikakwama vile vile!

Siku moja akaja Kombe, mkulima wa jirani, uso umemchangamka.

"Dada Idah, mke wangu kajifungua. Mtoto wa kiume!"

"Hongera! Basi mzee Dzombo karudi."

Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Mzee Dzombo, baba yake Kombe, alizikwa mwaka jana. Kijitabu cha mazishi alikitengeneza Idah.

"Jumapili tunampa jina," Kombe akasema. "Nataka ile picha ya baba uliyoipiga. Simu yangu ilipotea, sina nyingine. Mtoto amjue somo wake."

 Picha ile Idah alikuwa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Njoo Jumamosi," akajibu. Ukweli ulimshinda kusema.

Kombe alipoondoka, Idah akakumbuka. Kijitabu bado kimo kwenye kompyuta, na picha imo ndani yake! Akakifungua. Kilikuwa na picha thelathini. Kompyuta ikakwama, ikazima. Akajaribu mara tatu, ikazima mara tatu.

Nyumbani akamwambia mumewe, Mwaringa, "Akiba yangu inatosha kuundiwa kompyuta mpya. Lakini nataka yenye RAM kubwa kuliko zote, giga sitini na nne. Nitauza mbuzi wangu wawili niongezee."

"Mbuzi ni wako," Mwaringa akasema. "Lakini muulize fundi kabla hujawafungua kamba."

Kesho yake Idah akaenda Malindi kwa fundi Viola. Alikuwa amekiweka kijitabu kwenye flashi, na kazi zake nyingine pia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niundie kompyuta ya RAM giga sitini na nne."

"We! Unatengeneza sinema?"

"Nataka isikwame. Ya sasa nimeifutia picha zote, na haikusaidia kitu."

"Pole, mama. Picha hukaa kwenye diski. Diski ni ghala. RAM ni pale kompyuta inapotandaza kazi ya sasa hivi. Kupunguza vitu ghalani hakukuongezei pa kutandaza."

Idah akafikiri. "Kumbe diski ni uchaga, kule juu ya jiko tunakoweka mahindi. RAM ni ungo ninaopepetea."

"Hapo mimi ndiye niliyefundishwa," Viola akacheka. "Na ungo ukiwa mdogo?"

"Utapanda na kushuka uchagani kutwa."

"Ndiyo kukwama kwenyewe huko. Yako ina giga ngapi?"

"Nne."

"Ungo wa kitoto huo! Lakini ungo wa giga sitini na nne nao ni wa nini, na wewe unapepeta kibaba? Tusikisie, tupime. Fungua hapa, kwenye mashine yangu, kila unachofungua siku ya kazi nyingi."

Idah akachomeka flashi. Akafungua barua, fomu na kurasa za mtandao. Mwisho akabonyeza kile kijitabu, akafumba macho.

"Mama, fumbua."

Mzee Dzombo alikuwa anamtazama kwenye kioo, kofia imekaa upande kama kawaida yake. Idah akalia pale pale dukani.

Viola akamwacha anyamaze. Kisha akamwonyesha tarakimu kwenye kioo. "Kazi yako yote imekula giga kumi. Na mashine hii ina kumi na sita tu."

"Kumbe kumi na sita zanitosha!"

"Tena nunua mbili za nane, za namna moja. Zikisaidiana huwa na kasi kuliko moja ya kumi na sita. Bodi nitakayokuwekea, pale RAM zinapochomekwa, ina nafasi nne. Mbili zibaki wazi, kazi ikikua utaongeza."

"Na RAM hii inayowaka taa?"

"Taa hazipepeti, mama. Hapo utalipia urembo."

Idah akatoa mkobani RAM ya kompyuta yake ya zamani. "Tuongeze na hii, isipotee bure."

"Haitaingia. Hii ni aina ya zamani, DDR3, na bodi yako mpya inataka DDR4. Tazama, mapengo yake hayalingani. Ukilazimisha utavunja. Soma kwanza bodi inataka aina gani, ndipo ununue. Na usisahau kuuliza dhamana."

Mbuzi walibaki zizini.

Jumamosi Idah aliwasha kompyuta mpya. Hata chai hakuwahi kuionja, imeshawaka! Akachapa picha ya mzee, kubwa, yenye rangi. Nakala akaiweka kwenye flashi. Picha ya mtu hafuti tena.

Kombe akaja amembeba mtoto, mkewe nyuma yake.

"Kombe, nisamehe," Idah akasema. "Picha hii nilikuwa nimeifuta kwa ujinga wangu. Imepatikana ndani ya kijitabu."

 Kombe aliitazama picha, macho yamemjaa machozi. Kisha akamwinua mtoto.

"Dzombo," akamwita, "mtazame somo wako."

Jina lilikuwa litolewe Jumapili. Kombe hakuweza kungoja.