Kulwa Ndiye Huwaka Kwanza

Nilipita kwa Doto jua likizama, bisibisi mkobani, njaa tumboni. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: nifunge diski ya pili kwenye kompyuta ya steshenari yake, ninunue dagaa, nikalale. Kutwa nzima nilikuwa nimeinamia mashine za watu zilizojaa vumbi la makarasha, mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, na hapa Runzewe fundi mwanamke akisema amechoka anaambiwa aolewe.

Diski ilikuwa ya Kulwa, pacha wake. Kulwa alikuwa mchimbaji. Masika yaliyopita duara lao, shimo la kuchimbia dhahabu, lilititia akiwa ndani. Watu walifukua mpaka wakakata tamaa, hakupatikana. Iliyobaki ni laptopu yake iliyopasuka kioo, na ndani yake diski nzima kabisa, yenye picha zake, sauti yake na ramani zake za miamba.

"Dada Asteria, niwekee humu humu kwangu," Doto alisema. "Yeye na Linux yake, mimi na Windows yangu. Kila mtu na diski yake. Nikimkumbuka, namwasha."

"Inawezekana. Ila hamtawaka wote pamoja. Mmoja akiamka, mwenzake amelala."

Mama yao alikuwa kwenye benchi mlangoni. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kuniangalia. Sasa akainuka, akanisogelea sikioni.

"Usiwaweke nyumba moja, mwanangu," alinong'ona. "Aliye chini mwache chini. Huyu ndiye pekee niliyebaki naye."

"Mama, ni kompyuta tu," Doto akacheka.

Nami nikacheka. Uchovu humfanya mtu amcheke hata asiyestahili kuchekwa.

Nikafungua kasha, nikachomeka diski, nikawasha. Feni ikavuma. Mashine ikataka nipange diski ipi iwake kwanza endapo mwenyewe hatachagua. Sikufikiri hata kidogo. Nimekua jirani na watoto hawa. Kulwa alitangulia kuzaliwa, kwa hiyo Kulwa alinawa kwanza, Kulwa alipakuliwa ugali kwanza. Ukianza na Doto, bibi yao alikuwa anakurudisha uanze upya. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Kulwa juu, Doto chini.

Nikahifadhi.

Umeme ukakatika...

Hilo si jambo geni kwetu. Nilisonya, nikatafuta simu nimulike. Ndipo nikasikia feni. Ilikuwa bado inazunguka, polepole, kama mtu anayehema ndani ya blanketi. Pale hapakuwa na betri wala jenereta.

Kisha harufu. Udongo mbichi. Moshi wa baruti.

"Doto?"

Ngo... ngo... ngo.

Chini ya sakafu ya saruji, mtu alikuwa anagonga nyundo.

"Doto, mbona huitiki?"

Umeme ukarudi. Doto alikuwa kitini pake, macho wazi, hapepesi. Kwenye kioo cha kompyuta alijaa Kulwa, amevaa kofia yake yenye taa. Mama akamshika mwanawe bega, akamwita. Hakuitika. Akamwita tena, akimtikisa.

Yule kijana akajinyoosha, viungo vikalia, kama aliyelala amejikunja muda mrefu. Akanitazama. Akatabasamu upande mmoja.

"Ahsante, shemeji wa waya."

Mtu mmoja tu aliwahi kuniita hivyo, kwa utani wake, na mtu huyo yuko chini ya kifusi.

Sikununua dagaa. Kesho yake asubuhi nilirudi nikampanga Doto kwanza, nikahifadhi, nikawasha. Akawaka Kulwa. Nikapanga tena, akawaka Kulwa. Mwisho nikaing'oa diski, nikaenda nayo kwangu nikaifunga kwenye kanga. Sasa mashine inaamka na Windows ya Doto vizuri tu. Lakini huyu mwenye sura ya Doto haigusi. Amefunga steshenari, ananoa matindo ya kuchimbia, anauliza watu habari za duara.

Watu wanasema ni majonzi, pacha akifiwa huchanganyikiwa. Huenda. Ningependa kuamini hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyewapanga, na roho inaniuma.

Lakini mama yao hunijia kila jioni. Hanilaumu. Ananishika mkono tu, anafungua steshenari, tunaingia, anapiga magoti na kulaza sikio sakafuni. Ule ugongaji haujakoma. Jana nami nikapiga magoti, ingawa mgongo ulikuwa unaniua. Saruji ilikuwa ya baridi.

"Doto?" nikanong'ona.

Ugongaji ukakoma.

"Dada Asteria..." ikajibu sauti, mbali sana chini. "Niamshe."

Mama akautazama mkoba wangu, penye bisibisi. Anangoja nimfungulie mwanawe. Sijui nianzie wapi, kwenye kasha la kompyuta au kwenye saruji.