Njia ya Maji

Consolata alikuwa akipalilia muhogo pamoja na shemeji yake, Kornelio. Zamani Consolata alikuwa na ofisi Lindi. Alikuwa mhandisi, mwanamke wa kwanza kutoka kijiji chao, katika vilima vya Kipatimu, kusomea ujenzi wa barabara. Mafundi wanaume walimheshimu. Kisha serikali ikapunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Akarudi nyumbani.

Masika ya mwaka ule, dada yake Rosalia, mke wa Kornelio, alishikwa na uchungu. Gari lililompeleka hospitali lilikuta barabara imekatika penye kijito. Maji yalikataa kupungua. Rosalia akafia pale, na mtoto tumboni.

Baada ya arobaini, wanakijiji walikwenda kutengeneza barabara.

“Tujaze magogo na udongo, tushindilie,” alisema Kornelio.

“Masika yajayo patakatika tena,” alisema Consolata.

“Kwa nini, shemeji?”

Consolata alimwonyesha kalavati, bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Lilikuwa limeziba kwa matope na mabua ya mahindi.

“Maji yakikosa njia chini, yanapita juu na kula barabara. Tulizibue. Tuchimbe mitaro pembeni, na tuisafishe kabla ya kila mvua. Tena tusilime hadi ukingoni. Udongo wa mashamba yetu ndio unaoshuka kuziba.”

“Hiyo si kazi ya serikali?” aliuliza jirani yao, Yahya.

“Ni yake. Nimekwenda kuwaomba. Wanasema mitambo hawana, na mvua haitawasubiri.”

Wakafanya kazi. Kornelio alirudisha shamba lake nyuma, akapanda majani ukingoni.

Masika yaliyofuata mvua ilikuwa kubwa, lakini maji yalipita chini. Mke wa Yahya, Mwanaima, alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Gari likapita, likafika hospitali.

Yahya alikuja kutoa habari. “Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Ahsante, dada.”

Alipoondoka, Kornelio aligeuka kutazama barabara.

“Kumbe ilikuwa inawezekana,” alisema.

“Ilikuwa inawezekana, shemeji.”

“Na wewe miaka yote hiyo ulikuwa unatengeneza barabara za wengine.”

Hakusema kwa hasira. Machozi yakamtoka Consolata. Akachukua koleo, akaenda kutoa matope mtaroni. Kornelio akamfuata.