Kitufe Ndani ya Bitana

Kila asubuhi Ebiere alianza na simu ya maonyesho. Aliifuta kwa kitambaa chenye spiriti, akaibandua protekta kutoka kwenye karatasi yake kwa ncha za kucha, akabana pumzi, akaishusha taratibu juu ya kioo. Ilikuwa namna yake ya kuuamsha mkono kabla wateja wa Computer Village, soko la simu na vifaa vyake, hawajajaa. Siku hiyo alikuwa ameishusha nusu, pumzi kaibana, jamaa mmoja alipojikwaa kwenye mguu wa mwavuli na kuitikisa meza nzima.

"Dada, nipe chaja. Yoyote. Niko mubashara na betri inakata."

Vumbi likaingia. Kiputo kikatuna katikati ya kioo kama chunusi.

Ebiere akainua macho. Kijana mrefu, shati la maua, raba za njano, simu mbili shingoni na ya tatu kwenye fimbo ya kupigia picha.

"Umeniharibia protekta," alisema.

"Sikusikii."

"Nasema umeniharibia protekta."

Kijana akaielekeza fimbo mezani. "Ndugu watazamaji, nimemharibia binti wa watu protekta. Nifanyeje?" Akasoma majibu, akacheka. "Wanasema niinunue halafu nikuoe."

"Anza na chaja, kabla hujazimikiwa mbele za watu."

Alirudi kesho yake kutafuta kava, na keshokutwa kulirudisha. Jina lake Korede. Kazi yake kufungua maboksi ya simu na vikorokoro vyake mbele ya kamera, awaambie watu kipi kinafaa na kipi takataka. Baadaye hakutafuta tena visingizio. Alileta bajia za kunde za moto, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawa anamwita Injinia.

"Injinia, hedifoni hizi unazionaje?"

"Sikio moja linakoroma."

"Umejuaje? Mimi nimeshinda nazo kutwa."

"Wewe ulikuwa unajisikiliza mwenyewe."

Mama Risi, muuza mabegi wa meza ya pili, alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Korede, huyu mtoto haongei na watu. Ukiona anakutania, jua umeshaingia ndani."

Kisha kampuni moja ya simu ikamwalika Korede Berlin, kwenye maonyesho makubwa ya vifaa. Sokoni walimpongeza yeye na kumtazama Ebiere kwa huruma. Wote waliwajua vijana walioondoka kwa wiki moja na begi la mgongoni, wakabaki kuwa sauti kwenye simu. Kaka yake Ebiere, Tonye, alikwenda Madrid kuangalia mpira. Mechi iliisha zamani.

"Nimekaaje?" Korede aliuliza jioni ya mwisho, begi jipya la Mama Risi mgongoni.

"Kama kobe."

"Kobe mzuri?"

"Kobe wa kawaida." Akameza maneno mengine kabisa, kisha akasema, "Usisahau adapta. Plagi za kule si kama zetu."

Korede akasimama kidogo, kama mtu anayesubiri chenji, halafu akaliacha begi mezani, akaenda kumuaga Mama Risi.

Ebiere ndiye aliyempangia begi. Alipobaki peke yake akatoa kwenye droo kifuatiliaji kimoja, vile vya bei rahisi visivyo na jina wala namba, kidogo kama kifungo cha koti. Akafumua mshono wa bitana, akakitia ndani, akashona. Mizigo hupotea viwanja vya ndege, alijiambia. Lakini kama ilikuwa mizigo tu, mbona alishona haraka vile, njia kaipa mgongo?

Berlin ikawa nukta ya buluu kwenye simu yake. Asubuhi nukta ilikwenda maonyeshoni, jioni ikarudi hotelini, na kila ilipohama moyo wake ulihama nayo. Korede akipiga simu alimhadithia mambo ambayo tayari alikuwa ameyaona, naye akajifanya kushangaa. Kushangaa huko ndiko kulikomchoma.

"Leo wametuhamishia ukumbi mwingine, mbali kweli."

"Kumbe?"

"Halafu kipenzi, kuna hedifoni hapa zinatafsiri mtu akiongea. Nimezijaribu na Mjerumani mmoja. Nimemwambia nakupenda."

"Umemwambia Mjerumani?"

"Nilikuwa napima. Yeye amesikia vizuri, kashukuru. Nyumbani ndiko sijapata jibu."

Ebiere akaona haya, akasema mteja amekuja. Hakukuwa na mteja.

Siku moja nukta haikurudi hotelini. Ilivuka mto, ikaingia mtaa wa makazi ya watu, ikatulia humo mpaka kukakucha.

"Umelala wapi?" alimuuliza asubuhi.

"Hotelini, wapi tena. Miguu imevimba."

"Sawa."

"Mbona sawa yako ina barafu?"

"Kuna wateja."

Hakupokea tena. Simu ililia mezani, ikatembea yenyewe kwa mtetemo mpaka ikagonga boksi la chaja, naye akaitazama tu. Mchana nukta ikazimika. Akajihesabu mtu aliyesalitiwa. Ilikuwa nafuu kuliko kujiona mtu anayechungulia.

Korede alirudi kabla ya siku zake. Shati lilikuwa limekunjamana, fimbo hana, na kwenye ndoo hakukaa.

"Hukupokea simu zangu."

"Nilikuwa..."

"Acha kwanza. Nimefukuzwa maonyeshoni." Akalitupa begi mezani. Bitana ilikuwa imechanwa kutoka juu mpaka chini. "Binti mmoja wa kampuni iliyonialika, anaitwa Heike, mkoba wake ulikatika mkanda, na ana kompyuta na kila kitu cha kesho yake. Nikampa begi langu aende nalo kwake. Asubuhi simu yake ikamwonya kuna kifaa kisichojulikana kinatembea naye tangu jana. Anaishi peke yake, Ebi. Kaingia ukumbini analia, kashika hiki."

Akafungua kiganja.

"Mbele ya watu wote akaniuliza nilitaka nini nyumbani kwake. Nikasema sijui. Nikaona macho yao, hakuna anayeniamini. Nilikupigia wewe siku ile. Nilitaka mtu mmoja tu aniamini."

Ebiere alikitazama kitufe. Akilini alimwona mwanamke asiyemjua akifunga komeo la mlango wake, kisha akirudi kuhakikisha kama amelifunga.

"Ni Mama Risi," Korede alisema. "Begi nilinunua kwake. Wanaficha hivi wajue unapoishi, waje wakuibie. Nimesharekodi video, leo naiachia. Ila kwanza namwambia usoni."

"Korede, subiri," alisema, lakini kwa sauti yake ile ile ya chini, na Korede alikuwa ameshafika.

"Mimi?" Mama Risi akashika kiuno. "Mimi nikufuate Ujerumani nikakuibie nini, soksi?"

Watu wakacheka, lakini wakakusanyika, na simu zikaanza kuinuliwa. Mteja aliyekuwa akichagua begi akaliweka chini polepole, akaondoka. Mama Risi akamwona, na mzaha ukamtoka usoni.

"Ebiere, mwanangu. Wewe ndiye uliyelipanga hili begi. Waambie basi kama lilikuwa na kitu."

Angeweza kusema hapana. Wote wawili wangemwamini, ndilo lililokuwa baya.

"Nilikiweka mimi."

"Ongeza sauti, dada," mtu wa nyuma alisema.

"Nilikiweka mimi. Mama Risi hajui lolote. Nilifumua bitana, nikashona mwenyewe."

Mama Risi akaliokota lile begi lililoachwa na mteja, akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Tawanyikeni," aliwaambia watu. "Hapa si sinema." Ebiere hakuthubutu kumtazama.

Korede alitoa simu, akaifuta video, akarudi mpaka mezani kwake.

"Kwa nini?"

"Mizigo hupotea..."

"Ebi."

"Niliona umelala mtaa mwingine."

"Begi ndilo lililolala mtaa mwingine." Akakiweka kile kitufe mezani. "Kwa hiyo kila nilichokuwa nakuhadithia ulikuwa unakijua."

"Ndiyo."

"Halafu ulikuwa unasema, 'Kumbe?'"

"Nitamwandikia Heike. Na kampuni yako. Nitaweka jina langu."

"Waandikie, wanastahili. Lakini mimi sijakuuliza hayo. Jioni ile ya kuaga nilisimama hapa hapa nikisubiri useme neno lolote. Ukanikumbusha adapta."

Akalitia begi begani, bitana ikining'inia nje, akaanza kuondoka kati ya meza za kava na hedifoni. Ebiere akatoka chini ya mwavuli wake bila hata kufunika meza. Akamwita kwa jina, kwa nguvu, mpaka wauzaji wakageuka. Korede akasimama, mgongo bado kampa.

"Nilitaka kusema usiende. Hapana, si hivyo. Nenda popote unapotaka. Nilitaka kusema rudi. Nakupenda, nataka urudi kwangu, na niliogopa kukuomba kwa sababu kaka yangu Tonye nilimwomba, hakurudi."