Mji Aliouomba Nkatha

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kazini hospitalini Westmead, mjini Sydney, Kawira alibandika chai, akampigia simu bintiye Nkatha. Nkatha alikuwa mwaka wa tatu Marekani. Chuo cha huko kilimpa skolashipu kwa ajili ya mbio zake. Tangu aondoke, hakuwa amekula Krismasi nyumbani, mtaa wa Granville. Kitanda chake kilitandikwa kila wiki, na hakuna aliyekilalia.

Mama na mwana walipenda vitendawili. Jumamosi moja Nkatha alianza:

"Mama, kitendawili."

"Tega."

"Nina bosi, nina zamu, nikiumia naambiwa niendelee. Lakini sina kazi."

"Punda."

"Umekaribia, lakini siye."

"Basi nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Meru."

"Meru sitaki."

"Haya, Nairobi."

"Nipe Sydney, Mama."

Kawira akapunguza moto wa chai. Jibu alikwisha kulijua: ni Nkatha mwenyewe.

"Kocha amesema Krismasi hii pia tubaki tufanye mazoezi," Nkatha alisema. "Na mguu unauma. Wenzangu wanataka tuungane, tuwe na chama. Niweke sahihi?"

"Achana na hayo. Watu wamekusomesha, sema asante."

Mezani palikuwa na pakiti ya chai ya Kenya. Kila mwaka Kawira alimtumia kocha pakiti kama hiyo.

Jioni jirani yake, Yvette, mama yake Gloire, aliiona. Yvette ni Mkongomani, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika ghala moja.

"Mama Nkatha, unamupa chai mutu anakunyima mutoto?"

"Ametusaidia, Mama Gloire."

"Yeye ametoa masomo, mutoto ametoa miguu. Wewe, likizo yako unaipata juu ya kumupa bosi chai?"

Kawira akacheka. "Naomba. Wakininyima bila sababu, naita union, chama chetu."

"Basi."

"Lakini Nkatha ni mwanafunzi, si mfanyakazi."

"Hapo ndipo watu wanapobishana. Kuna wanaosema masomo yanatosha, na akiitwa mfanyakazi atakatwa kodi, hata kufukuzwa. Mimi naona mutu anayepangiwa saa na kuamriwa ni mfanyakazi. Lakini hata mwanafunzi anaweza kuomba pamoja na wenzake. Akiomba peke yake, watasema hana shukrani."

Jumamosi iliyofuata, Kawira hakungoja kitendawili. "Nkatha, isome hiyo karatasi vizuri, halafu weka sahihi."

Wakimbiaji kumi na tisa waliandika barua moja. Walitaka waitwe wafanyakazi. Walitaka daktari ndiye aamue nani apumzike, na kila mtu apate siku kumi za kwenda kwao. La kwanza chuo kilikataa, na wanalibishania hadi leo. Mengine kilikubali.

Siku mbili kabla ya Krismasi, Nkatha alishuka kwenye treni stesheni ya Granville akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Kawira alikuwa amesimama pale saa nzima.

"Nimekuja kuchukua mji wangu," Nkatha alisema.

Nyumbani walifungua ile pakiti ya kocha, wakanywa chai na Yvette. Kesho yake Nkatha alilala mpaka saa nne asubuhi. Kawira alipita mlangoni mara tatu, akichungulia. Hakumwamsha.