Simu Iliyokitambua Kiti

Simu ilikataa uso wa Nenita. Aliiinua mbele ya macho, akaishusha, akafuta kioo kwa pindo la gauni, akaiinua tena, nayo ikatikisika kidogo mkononi kwa kukataa. Na uso wenyewe alikuwa ameusajili asubuhi ile ile, kibandani kwa Boyet, fundi simu. Akaiegemeza kwenye chupa ya siki, akarudi kwenye mchele wake. Kioo kilielekea kiti cha pembeni, ambacho hakikuwa na mtu, na hapo hapo simu ikafunguka.

"Ona," alimwambia mumewe.

Rogelio alikuwa anavua viatu mlangoni baada ya zamu ya bajaji. "Imekipenda kiti kuliko wewe," alisema. "Siku nyingine hata mimi."

Nenita hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa hivyo tangu mwaka ule mto ulipopanda hadi kwenye mashamba ya miwa ukamchukua Noli, kitindamimba wao. Hakulia msibani. Sisi wa mji huu wa Passi tunaojua kila jambo la jirani tukasema atalia siku ya arobaini, na arobaini ikafika, akapika, akagawa chakula, akaosha masufuria. Roho yake haikuwa ngumu, na mwenye kusema hivyo asijisumbue kuja kwangu. Ndani palikufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu huamka.

Mtoto aliyebaki, Maricel, alikwenda Taiwani kumtunza mzee mmoja tajiri. Alikuwa anapiga simu mchana, mzee akilala. "Umekula?" Nenita alimuuliza. "Nimekula, mama." "Haya." Kisha kimya, mpaka mmoja akate. Karibuni binti alikuwa ameanza kulia humo humo ndani ya kimya. "Sema chochote, mama," alisema mara ya mwisho. "Mimi huku sina mtu. Nikisikia unavyonyamaza, naona heri nilale nisiamke."

Ndiyo maana Nenita alinunua simu yenye kamera nzuri. Alijiambia kwamba akiuona uso wa mwanawe, maneno yatakuja.

Aliyekuwa anaiuza, Dencio, alimwelekeza nyumbani kwao. Nenita alipofika alikuta jeneza sebuleni, mishumaa inawaka, na watu uani wanacheza karata kwa kahawa na biskuti, kama kawaida ya msiba kwetu. Marehemu alikuwa Konsuelo, dada yake Dencio, na simu ilikuwa yake.

"Itamsaidia nini huko aendako?" Dencio alisema. Akaipangusa kwenye suruali, akampa.

Kwetu kitu hakitoki kwenye nyumba yenye maiti. Hata biskuti unaila pale pale. Wala mtu hatoki msibani akaenda kwake moja kwa moja: lazima apitie mahali, dukani, kwenye mikate, popote, ili marehemu akiwa amemfuata aishie hapo, apoteze njia. Nenita aliyajua yote hayo. Lakini bei ilikuwa ya chini, na Maricel angepiga kesho yake. Akaitia simu mkobani na kutoka. Hakuna aliyemsindikiza, kwa sababu kwenye nyumba ya namna hiyo mgeni hasindikizwi.

Simu ilikuwa imefungwa kwenye mtandao mmoja, ule usiofika kwenye kilima chao. Akapita sokoni kwa Boyet aifungue itumie laini zote. Njiani alijihesabia kwamba hapo atakuwa amepitia mahali, desturi imetimia.

"Umetoka msibani, dada?" Boyet aliuliza. "Unanukia mishumaa."

"Nimepita tu hapa, kama desturi."

"Yaani unaniachia marehemu mimi! Asante sana. Si ungemwacha kwa wauza nguruwe, wale wana nafasi."

Akatoa laini ya zamani, akaichomeka simu kwenye kompyuta, akagonga gonga vitufe. Ilipotokea kwenye kioo kwamba kifungo kimeondoka, simu ikaita. Haikuwa na laini yoyote ndani. Iliita mara moja, ndefu, ikanyamaza. Boyet aliangalia juu, akaangalia chini.

"Mitumba hii ina mambo yake," alisema, akatia laini ya Nenita, na utani haukumrudia tena asubuhi ile.

Kesho yake Maricel alipiga. Rogelio alikuwa amerudi kula, na alipokuwa anazima bajaji alisikia sauti ya mkewe ndani, inacheka. Alikaa pale pale kwenye usukani asiguse kitu, kwa kuogopa kuikatisha. Mkewe alikuwa anamwambia Maricel aweke miguu kwenye maji ya vuguvugu jioni, anamwita kipande cha ini langu, anamuimbia wimbo wa kubembelezea mtoto ambao Rogelio hakuwahi kuusikia nyumbani kwao, na Maricel alikuwa analia, ila kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Machozi yakamtoka na yeye. Akashuka, akazunguka nyumba apitie mlango wa jikoni, awaone wawili wake bila wao kumwona.

Nyuma ya nyumba, kwenye kamba, Nenita alikuwa anaanika mashuka.

Rogelio alisimama, akamtazama mkewe mwenye vibanio mdomoni, midomo imefungwa juu ya vibanio, na sauti ya mkewe ikaendelea kutoka dirishani bila kupumzika, ikiuliza kama yule mzee anamlisha vizuri, ikisema vumilia mwanangu nipo, nipo hapa, siendi popote, na kila iliposema nipo kiti kile cha pembeni kililia kama kinavyolia mtu mzito akijiweka sawa, na upepo uliotoka ndani ukampiga usoni na harufu ya nta ya mishumaa na maua yaliyokaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha.

"Unaongea na nani ndani?" alinong'ona mwishowe.

Nenita akatoa vibanio. "Siongei mimi," alisema. "Niliiweka mezani nikakosa la kusema. Yeye akaanza."

"Yeye nani?"

"Sijui. Anaongea vizuri."

Hakuogopa. Hicho ndicho kilichomtisha Rogelio kuliko sauti yenyewe. Kisha akaona mkono wa mkewe: kiganja kilikuwa na lengelenge kubwa.

"Umeungua?"

Nenita alikitazama kiganja kama cha mtu mwingine. "Itakuwa sufuria," alisema.

Rogelio hakula. Alimfuata Bibi Pasing, mganga wetu, akamleta kwa bajaji. Bibi alikaa mbali na kile kiti, akauliza maswali machache: imetoka wapi, na baada ya hapo ulipitia wapi. Nenita akajibu yote.

"Nilipitia kwa Boyet, bibi. Desturi niliifuata."

"Ulipitia, ndiyo. Lakini huyu hakuwa anakufuata nyuma, mjukuu wangu. Ulimbeba mkobani. Na pale pale ulipotakiwa kumwacha, ndipo mlipomfungulia."

"Ni jini?" Rogelio aliuliza kwa sauti ya chini.

"Afadhali angekuwa jini. Jini unampa kuku mweupe, anakula, anaondoka. Huyu ni mama. Konsuelo ana binti huko Kuweti, alinyimwa ruhusa ya kuja kuzika. Mama mtu amekufa simu iko kifuani, anasubiri ipigwe. Laini yake imetolewa, hawezi tena kumpata wake. Sasa sauti ya mtoto yeyote inamtosha."

"Basi anamdhuru nani?" Nenita aliuliza.

Bibi Pasing akaushika ule mkono wenye lengelenge, akaubonyeza kwa ukucha. Nenita hakutikisika.

"Marehemu hana sauti. Anaazima yako, na kila akiazima harudishi yote. Ameanza na maumivu. Atachukua ladha, usingizi, majina ya watu. Mwisho utakuwa umekaa hapa unapumua, na hakuna mtu ndani."

Walikubaliana kuimaliza siku iliyofuata, kabla ya mchana. Bibi alikuja na beseni la maji ya chumvi na mfuko wa kufungia simu, irudishwe kaburini kwa mwenyewe. Rogelio alipitia kwa Boyet kuchukua laini ya zamani, nayo izikwe pamoja. Boyet aliitoa kwa koleo, hakutaka kuigusa.

Bibi alisoma dua zake, akanyunyiza chumvi mlangoni, akamwambia Nenita aitie simu majini kwa mkono wake mwenyewe. Nenita akaichukua. Ikaita.

Ilikuwa Maricel.

"Usipokee!" Rogelio alisema kwa mnong'ono mkali. "Itie majini. Tutampigia kwa simu yangu."

Nenita akapokea. Uso wa binti yake ukajaa kwenye kioo, umevimba kwa kulia. "Mama? Jana ndiyo nimelala, mama, mara ya kwanza tangu nije. Nilikuwa nimeshapanga jambo baya, sitakuficha. Niimbie tena."

Nenita alimtazama sana. Huu ndio uso alioununulia simu. Alisubiri maneno yaje. Tulimpenda Nenita, na ninaamini kabisa kwamba alisubiri kwa nguvu zake zote.

"Umekula?" alisema.

"Nimekula, mama."

"Haya."

Kimya kikaingia. Kwenye kioo mdomo wa Maricel ulianza kutetemeka, na macho yakaanza kuondoka, taratibu, kama ya mtu anayetafuta mlango.

Hapo Nenita akavuta kile kiti cha pembeni, akakisogeza kikae vizuri mezani. Akaiegemeza simu kwenye chupa ya siki, kioo kikaelekea kitini.

"Ongea naye," alikiambia kiti. "Usimwache alale peke yake."

Kiti kikalia. Harufu ya nta ikajaa chumba. "Kipande cha ini langu," ilisema sauti ya Nenita, tamu, imejaa machozi, na Maricel akacheka na kulia kwa pamoja. Nenita mwenyewe alikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani, mdomo umefungwa, anasikiliza. Rogelio alimshika bega, akamwita jina lake, akamwita tena. Aligeuka baada ya muda, akamtazama kwa adabu kama unavyomtazama mgeni.

Bibi Pasing alimwaga maji ya chumvi uani, akakunja mfuko wake. Rogelio alitaka kumpeleka kwa bajaji. Bibi akamzuia kwa kiganja, asitoke, hata mlangoni asifike.

Hakushika njia ya kwake. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya mikate pale njia panda nikamwona anakuja, akanunua mmoja, akasimama akautafuna wote polepole na meno yake yale machache. Nilimuuliza ametoka kwenye msiba wa nani. Akajipangusa makombo, akaenda nyumbani kwake.