Bei Haitajwi

Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, ndani ya duka kubwa la Seeb lenye baridi ya kutosha kuhifadhi nyama, akina mama wa Maskati walikuja kuwanunulia binti zao utukufu. Vilabu vitatu viliweka meza, maputo na muziki wa kuumiza meno. Mchezo wenyewe ni cheerleading, na wenyewe wameufupisha wanauita chia. Watoto wa miaka saba wanarushana juu, wanapinduka, wanatabasamu kwa amri na kutikisa vishada vya nailoni, kisha mara moja kwa mwaka wanapelekwa Dubai kushindana. Hakuna timu wanayoishangilia. Wanashangilia tu, na wazazi wanalipa.

Katika foleni ya klabu kubwa kuliko zote, iliyojiita Malkia, alisimama Afra binti Yaqoob. Alikuwa na umri wa miaka thalathini na moja, mkaguzi wa hesabu serikalini, mwanamke asiyeweza kupita mbele ya risiti bila kuisoma. Alivaa abaya nyeusi isiyo na nakshi na viatu vya chini, na mkononi alishika karatasi aliyoichora mistari nyumbani. Hakuwa na mtoto. Alitumwa na dada yake, Mahbuba, aliyekuwa mkahawani ghorofa ya juu, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Mahbuba hakushuka mwenyewe kwa sababu wake wa wakubwa wa mji ule hawaulizi bei. Anayeuliza bei amejitangaza kuwa hana. Kwa hiyo kila mmoja hutuma mtu, na siku ile nusu ya foleni ilikuwa ya madada, madereva na watumishi wa nyumbani, wote wakijifanya wanatazama maputo.

Msichana wa mezani, kope zake ndefu hata zinamzuia kuona, alisoma orodha. Ada ya mwezi, riali tisini na tano. Sare, mia na thalathini. Riboni ya nywele, kumi na nane. Afra aliuliza kama riboni hiyo ina dhahabu, akajibiwa ina chapa. Kulikuwa na viatu, safari, hoteli ya mzazi, na hoteli ya mtoto mbali, kana kwamba mtoto atalala peke yake. Mwisho ikaja riali arubaini, ada ya moyo wa timu.

"Na huo moyo unaletwa na nani?" iliuliza sauti ya kiume nyuma ya Afra. "Nyie au mtoto?"

Afra aligeuka. Mtu mrefu, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, kofia yenye nakshi ya kijani, penseli sikioni. Na mkononi, karatasi iliyochorwa mistari kama ya kwake. Afra alicheka kabla ya kujizuia.

"Na weye umetumwa na nani?"

"Nimejituma. Nnapeleleza." Alinyoosha kidole pembeni, karibu na mlango wa choo, kwenye meza ndogo isiyo na puto hata moja. "Ile pale ndo yangu."

Jina lake Badr. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyeacha shule akafungua ukumbi Mawaleh, nyuma ya duka la matairi, mtaa ambao miaka nenda rudi ulinuka vitunguu vya sokoni. Dada yake Rahila alifundisha watoto kucheza, yeye alifundisha kupinduka na kutua. Ada yake riali thalathini na tano. Sare inashonwa na fundi wa mtaani kwa riali kumi na moja. Riboni bure, kwani ni kipande kilichobaki cha kitambaa cha sare. Afra aliandika yote, kisha akajikuta anauliza maswali ambayo hayakuwa na safu kwenye karatasi yake.

Nawar, binti wa Mahbuba mwenye miaka minane, akaandikishwa Mawaleh. Mahbuba alikubali kwa sababu hakuwa bado amesikia mtu akiisema vibaya klabu ile. Afra ndiye aliyempeleka na kumrudisha, Jumatatu na Jumatano, na mwezi wa kwanza haukwisha kabla hajaanza kujipaka wanja kwa ajili ya ukumbi wenye harufu ya mpira. Yeye aliyewacheka wenziwe wanaojipamba kwa ajili ya wanaume. Binadamu hucheka mpaka zamu yake ifike.

Badr akawa anampigia simu kila siku saa kumi, Afra anapotoka kazini, kabla hajawasha gari.

"Umekula, mkaguzi wangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mwalimu, hiyo nayo ni ada ya moyo wa timu?"

"Hiyo bure, roho yangu. Kama riboni."

Neno roho yangu lilimponyoka Badr. Afra aliendesha gari mpaka nyumbani akikosea njia aliyoizoea tangu utoto.

Sasa, mtu mwenye akili akipenda hufanya upumbavu wa kiasi chake. Afra aliamua kumsaidia. Alitengeneza jedwali la vilabu vitatu, kila baisa, ile senti ya riali, mahali pake, akalihakikisha mara tatu, akalituma kwenye kundi la wasapu la akina mama, watu sitini na wawili. Chini yake aliandika kwamba klabu ya Mawaleh ni nafuu kuliko zote na mwalimu wake ni bora. Ilikuwa barua ya mapenzi ya kwanza aliyopata kuiandika, nayo ilikuwa na safu nne.

Kundi lilijibu kwa vikono vya dua na maua. Afra akafurahi. Alikuwa hajui kwamba wale wanawake wanapotuma maua mengi ndipo wanapokuwa wanaondoka.

Katika siku kumi, kati ya watoto kumi na wanane wa Badr, walitoka kumi na watatu. Mama mmoja alisema mwanawe ana mzio wa vumbi. Mwingine alisema Mawaleh ni mbali, naye anakaa Mawaleh. Wa tatu alisema ameswali istikhara, kana kwamba Mola hana kazi isipokuwa kuchagua klabu ya kurusha watoto. Wote wakahamia Malkia. Na Mahbuba, bila kumwambia mdogo wake, akamtoa Nawar.

Timu ya mashindano haikubaliwi ikiwa na watoto pungufu ya kumi na wawili. Badr alibaki na watano, watoto wa fundi na wa wauza duka. Kulikuwa na nafasi ya ualimu Salalah, mwendo wa siku nzima kwa gari, ambayo aliikataa mara mbili. Safari hii alisema atajibu mwisho wa mwezi. Badr alikuwa mtu mwema mwenye kiburi cha mtu mwema, ambacho ni kibaya kuliko vyote kwa sababu hujiona kina haki.

Simu ya saa kumi ilikuja.

"Nna swali moja," alisema. "Ulitaka kunsaidia au kuntangaza fukara?"

"Badr, nimeandika kweli tupu."

"Najua. Nyie watu wa hesabu mkiandika kweli hamtazami imemwangukia nani. Nilikuwa na timu. Sasa nna karatasi yako."

"Nipe nafasi nikueleze."

"Nieleze nikiwa Salalah. Khalas, yamekwisha, bi Afra."

Lile neno bi lilimuuma kuliko mengine yote. Alikaa ndani ya gari mbele ya ofisi mpaka mlinzi akaja kugonga kioo kumuuliza kama betri imekufa. Akamwambia ndiyo. Kisha akalia, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya tangu mama yao alipofariki.

Ijumaa alikula kwa dada yake kama kawaida. Wali wa nazi, mchuzi wa papa, na Nawar amenuna mbele ya sahani. Afra alimuuliza Malkia kukoje.

"Sirushwi juu," Nawar alisema. "Nasimama nyuma nashika vishada. Wamesema nitarushwa mama akilipa daraja la pili."

Afra aliweka kijiko chini, akamuuliza dada yake kwa nini. Mahbuba alifuta midomo taratibu, kama mtu anayeeleza jambo kwa mgeni.

"Nani kakwambia tunatafuta rahisi? Mie nlikutuma uulize bei, sikukutuma uitangaze."

"Ulisema unataka kulinganisha."

"Nlitaka kujua wenzangu wanalipa ngapi, nisije nkalipa chini yao. Sasa mji mzima wajua mwanangu alikuwa anachezea mahala pa riali thalathini na tano. Nyuma ya matairi, Afra. Ungeniacha na mwalimu wako kwa siri, ningebaki. Mtoto alikuwa anapenda."

Afra alimtazama dada yake kwa dharau, kisha akajitazama mwenyewe kwa dharau iliyozidi. Miaka tisa anakagua fedha za watu na hajapata kujua kwamba kuna watu hawanunui kitu, wananunua bei yake. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa kuionyesha.

Jumamosi asubuhi alikwenda Mawaleh. Badr alikuwa anakunja magodoro ya mazoezi na kuyafunga kamba, mikono ya kanzu ameipandisha. Hakumkaribisha, lakini hakumfukuza.

"Nimekosa," Afra alisema. "Sikuja kujitetea. Nilidhani wana haya ya kuibiwa, kumbe wana haya ya kutoibiwa."

Badr alivuta kamba. "Kwa hiyo nipandishe bei? Wale watano waliobaki wazazi wao hawana."

"Usipandishe hata baisa. Ifiche."

"Vipi niifiche?"

Alimweleza. Ile orodha ya bei mlangoni ing'olewe. Pawekwe kibao kidogo, maandishi machache: Nafasi ni chache. Bei haitajwi. Mzazi akija, aambiwe bei ya kweli, thalathini na tano, lakini sikioni, na aombwe asimwambie mtu.

"Huo ni udanganyifu."

"Tumemdanganya nani? Kila mmoja ataambiwa kweli. Kusema kweli kwa sauti ndogo hakujapata kuwa dhambi."

Badr alicheka bila kutaka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Akainama kwenye kamba yake tena. Afra aliona kwamba huyu mtu atajifunga mwenyewe pamoja na magodoro kama hakusemeshwa.

"Badr, mie nakupenda. Sikuandika lile jedwali kwa ajili ya akina mama, nlikuandikia weye. Ukenda Salalah ntabaki hapa na hesabu zangu zote sahihi na sina mtu wa kuniuliza nimekula nini."

Badr akaketi juu ya godoro, mtu mrefu yule, na kamba bado mkononi. Duka la matairi lilikuwa likipiga nyundo upande wa pili wa ukuta.

"Umekula?" aliuliza hatimaye.

"Sijala tangu jana."

"Basi twende tukale kwanza, roho yangu. Kibao tutaandika tukirudi."

Mahbuba ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi, amevuta mtandio mpaka machoni. Badr aliinama akamnong'oneza bei. Mahbuba alimtazama, akaitikia kwa kichwa polepole, akaelewa jambo ambalo halikuwapo: kwamba bei imepanda kwa wengine wote, na yeye peke yake kaachiwa ile ya zamani, kwa heshima ya Afra. Jioni ile aliandika kundini kuwa amemrudisha Nawar Mawaleh, mambo yamebadilika kule, bei hawezi kuisema ila si ya kila mtu.

Katika wiki tatu walikuja ishirini na sita. Kila mama alinong'onezwa thalathini na tano, kila mama aliamini kapendelewa, na kila mama aliwaambia wenzake analipa mia moja na ishirini. Mtoto wa fundi alisimama kwenye mstari mmoja na mtoto wa mkurugenzi, na hakuna aliyejua nani analipa nini. Aliyesema ameswali istikhara aliswali nyingine. Badr akapiga simu Salalah akawashukuru.

Dubai walikuwa wa sita kati ya timu saba. Akina mama walisema majaji wamenunuliwa. Nawar alirushwa juu mara nne na alitua mara nne, na alirudi nyumbani akidhani wameshinda.

Mwezi wa Februari mama yake Badr alikuja kuposa, na wanawake watano, wanaume wa ukoo wao, halwa na udi. Yaqoob, baba yake Afra, mtu wa maneno machache, alipokea wanaume sebuleni, akasema ameridhia, mahari atayataja binti mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo Mahbuba, aliyevaa dhahabu ya kutosha watu watatu, akamvuta mdogo wake jikoni.

"Kiasi gani?" alinong'ona. "Kundini wataniuliza leo leo. Mke wa mkurugenzi kaozesha kwa elfu kumi. Nijibu nini?"

"Waambie bei haitajwi," Afra alisema, akaendelea kupanga vikombe vya kahawa.

Mahbuba alisimama akifikiri, na uso wake ukang'aa polepole. Kabla wageni hawajaondoka, kundini mahari yalikuwa yamefika elfu kumi na tano. Kufika Jumapili, bila yeye kutia neno zaidi ya kunyamaza vizuri, yalikuwa elfu ishirini, gari, na kiwanja cha Yiti kinachotazama bahari.

Mahari yenyewe Afra aliyataja siku ya nikaha, sikioni mwa Badr. Badr alicheka mpaka kofia ikamwendea upande, akayatoa mfukoni papo hapo. Kisha akaombwa asimwambie mtu, na mpaka leo hajamwambia.